"Despite" haitaki "of"

SWALI: Mhariri, katika barua ya kuomba kazi niliandika: "Despite of I was sick, but I finished the work." Rafiki yangu anasema nina makosa matatu. Mimi naona moja tu, "but". Mengine yako wapi?

JIBU: Rafiki yako yuko sahihi. "Of" umeiazima kutoka "in spite of", yenye maana ileile. "Despite" husimama bila "of".

Kosa kubwa zaidi ni "I was sick". "Despite" ni kihusishi: hufuatwa na nomino au kitenzi chenye -ing, si kishazi kizima. Andika "Despite my illness, I finished the work," au "Despite being sick, I finished the work." Kwa -ing, aliyeugua ndiye awe mtenda wa sehemu ya pili. Ukiandika "Despite being sick, the work was finished," umesema kazi ndiyo iliyougua! Ukitaka kubaki na "I was sick", tumia "although". "Despite the fact that" nayo ni sahihi, ila ni ndefu bure kwa barua ya kazi.

Kuhusu "but": sisi husema "ingawa niliugua, lakini nilimaliza" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza sanifu hutaka kimoja tu, ama "although" ama "but". "Still" inaruhusiwa: "Although I was sick, I still finished the work."

Ukianza na "despite", weka mkato kabla ya sehemu ya pili. Ikija katikati, mkato hauhitajiki: "I finished the work despite being sick."