Mtoto wa miezi tisa hakai: nisubiri au niende hospitali?

Barua za mwezi huu karibu zote zinabeba ushauri uleule ambao wazazi wamepewa na nesi, jirani au mkwe: subiri, mtoto atakuja tu. Nimezifupisha na kuondoa majina. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia kwa watoto, si daktari. Kwa hiyo haya ninayojibu ni ya kukusaidia kufika hospitali mapema ukiwa unajua cha kusema.

Mwanangu ana miezi 9. Hakai, na nikimwinua shingo bado inalegea. Alipozaliwa alichelewa kulia. Kliniki uzito unapanda vizuri na nesi amesema nisubiri afikishe mwaka. Mama mkwe anasema hata baba yake alichelewa kutembea. — Mama, Mbagala

Usisubiri, mama. Ungeniambia tu kwamba hakai, ningekuuliza maswali zaidi kwanza, maana watoto hawalingani. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano, Ghana na Oman zikiwemo, likakuta wanakaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9 hivi, na wanatembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18. Ningeuliza pia kama alizaliwa njiti, kwa sababu mtoto aliyewahi kwa miezi miwili tunampunguzia miezi hiyo miwili kwenye umri wake kabla ya kusema amechelewa.

Lakini shingo kulegea kwa miezi 9 ni jambo lingine. Shingo hutarajiwa kukaza mtoto akiwa na miezi 4 hivi. Ukijumlisha na kuchelewa kulia, yaani huenda ubongo ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa, una sababu ya kutosha ya kutaka apimwe wiki hii. Sisemi ana mtindio wa ubongo, yaani athari kwenye ubongo inayovuruga mwendo na mkao wa mwili. Hilo atalisema daktari, na huenda asiweze kulisema kwa uhakika leo.

Kuhusu uzito: mstari ule kwenye kadi ya kliniki unaonyesha kama mtoto anakua mwili. Hauonyeshi kama anageuka, anashika kitu au anakufuata kwa macho. Nimewapokea watoto wengi ambao kadi zao hazina doa na hawajawahi kushika hata kijiko. Nesi ana foleni ndefu, mizani na chanjo, kwa hiyo usingoje akuulize. Sema hivi, kwa mpangilio huu: "Alichelewa kulia, ana miezi tisa, hakai, shingo inalegea, naomba rufaa ya kwenda kwa daktari wa watoto na fiziotherapia." Ongeza ukiona ngumi zinafungwa muda wote huku kidole gumba kikiwa ndani, miguu inakakamaa na kupishana, au anatumia mkono mmoja tu. Mtoto chini ya mwaka hatakiwi kuwa na mkono anaoupendelea. Na kama aliwahi kuwa na manjano kali, degedege au homa ya uti wa mgongo, litaje.

Mazoezi hayangoji jina la ugonjwa. Kuanzia leo mlaze kifudifudi juu ya kifua chako ukiwa umeegemea mto, uso wake uelekee wako, uzungumze naye ili ainue kichwa akutafute. Dakika chache, mara nyingi kwa siku. Akichoka mwache. Shingo ikianza kushika, mbebe mgongoni kwa kanga, miguu ikiwa imetanuliwa kiunoni mwako, maana hilo nalo ni zoezi. Mwekee kitu kinachotoa sauti kwenye upande asiopenda kugeukia.

Mama mkwe hana nia mbaya. Nenda naye hospitali, asikie mwenyewe, kwa sababu ndiye atakayekaa na mtoto ukienda kazini.

Mke wangu amejifungua wiki iliyopita. Miguu yote miwili ya mtoto imepinda kwa ndani. Tumeambiwa turudi akianza kutembea. — Baba, Singida

Hapana baba, rudini sasa. Miguu kifundo inatibika vizuri sana kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo kano zake zinavyokubali kunyooshwa. Mtaalamu anaunyoosha mguu taratibu kwa mkono, bila nguvu, kisha anauvisha plasta ya hogo kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Kila wiki plasta inatolewa, mguu unasogezwa kidogo tena, inavishwa nyingine. Kwa kawaida ni plasta 5 hadi 7. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kidogo ile kano nene ya kisigino, kwa ganzi ya mahali, halafu plasta ya mwisho ya wiki 3.

Sasa ndipo panapoharibika. Mguu umenyooka, unapendeza, familia inashangilia, na viatu vyenye upau katikati vinawekwa juu ya kabati kwa sababu mtoto analia. Viatu hivyo anatakiwa kuvivaa saa 23 kwa siku kwa miezi 3 ya kwanza, kisha kila anapolala, hadi afikishe miaka 4 au zaidi. Ukiviacha mguu unarudi ulikotoka. Analia siku chache za mwanzo, kisha anazoea na kuanza kurusha miguu yote miwili pamoja. Kagua ngozi kila siku, na ukiona kidonda rudi kliniki wakubadilishie saizi.

Hospitali za CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi zinafanya tiba hii. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa wako, uulize kliniki ya miguu kifundo iliyo karibu nanyi, kwa sababu safari ya kila wiki ndiyo inayowashinda wengi. Kwa sera ya serikali mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure katika vituo vya umma. Ukidaiwa fedha usiyonayo, usiondoke kimyakimya: tafuta ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyohiyo kabla ya kupanda gari la kurudi nyumbani.

Nikimpiga picha binti yangu wa mwaka mmoja na nusu usiku kwa simu, jicho moja linatoka jekundu na jingine linatoka jeupe. Ni simu mbovu? — Mama, Iringa

Mpeleke hospitali leo ukisoma hili, na uende na picha hizo. Weupe ndani ya mboni unaweza kuwa mtoto wa jicho, na unaweza kuwa saratani ya jicho ya utotoni, ambayo ikiwahiwa mtoto anapona, na ikicheleweshwa inaua. Ukiambiwa ununue dawa ya matone urudi baada ya mwezi, kataa kwa heshima na uombe rufaa ya daktari bingwa wa macho.

Mjukuu wangu ana miaka 2 na miezi 3, hasemi neno. Anaelekeza kwa kidole na kunivuta mkono. Hapa kijijini wanasema ulimi umefungwa, na kuna fundi wa kukata kimeo. — Bibi, Korogwe

Shikamoo bibi. Nakuomba usimpeleke kwa fundi huyo. Kimeo hakizuii mtoto kusema, na watoto wametokwa damu nyingi na kupata maambukizi kwa wembe wa namna hiyo. Ulimi uliofungwa nao humsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya sauti. Haumnyamazishi kabisa.

Swali la kwanza kwa mtoto asiyesema ni kama anasikia. Wengi hujibu, "Anasikia, nikipiga makofi anageuka." Makofi yanatoa upepo, na kivuli chako kinamfikia kabla ya sauti. Mlango ukibamizwa anahisi mtikisiko sakafuni. Jaribu hivi: akiwa amezama kwenye mchezo, mtu akae nyuma yake hatua chache, asionekane, amwite jina kwa sauti ya chini. Kisha afikiche mfuko wa nailoni. Rudia wakati mwingine. Hata akigeuka, bado apimwe kwa mashine, kwa sababu wapo wanaosikia sauti nzito wasisikie nyembamba. Kama masikio yamewahi kutoa usaha, sema.

Amenifurahisha kwa kuelekeza kidole na kukuvuta, maana anataka kuwasiliana. Mtoto asiyeelekeza kidole kufikia miezi 18, asiyegeuka akiitwa jina na asiyekutazama, tungewaza pia kuhusu usonji, hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, na kumpima vilevile.

Ikithibitika hasikii, kuna vifaa vya kusaidia kusikia, na tangu 2017 Muhimbili wamekuwa wakipandikiza vifaa vya usikivu kwa baadhi ya watoto. Lakini bibi, lugha isingoje kifaa. Anzeni lugha ya alama nyumbani, wote, hata kwa alama kumi za kula, maji, choo, njoo. Watu huogopa kwamba alama zitamfanya asiseme. Hazimzuii. Kinachomuumiza mtoto ni kufikisha miaka mitano hana lugha yoyote.

Niko Likoni. Mtoto wangu ana miaka 3 na ana sindromu ya Down. Chekechea wanataka barua ya tathmini, na sijui naanzia wapi. — Mama, Mombasa

Kenya mna vituo vya tathmini ya elimu, EARC, tangu 1984, na vingi viko ndani ya shule za msingi za serikali. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako kilipo cha karibu. Pia kuna KISE, taasisi ya elimu maalumu kule Kasarani, Nairobi. Hiyo ndiyo barua ya shule. Kusajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ni jambo jingine, na kunahitaji kupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Kwa mazoezi ya viungo, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kina tawi Mombasa.

Nina jambo ambalo hukuniuliza. Je, moyo wake umepimwa kwa mashine? Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, na wengi wana shida ya kusikia au ya tezi ya shingo. Hayo ningeyatanguliza kabla ya barua.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, miaka 3. Kumlisha kunachukua saa nzima, anakohoa sana, na amelazwa kwa nimonia mara mbili mwaka huu. — Mama, Kahama

Mama, nimonia ya watoto hawa mara nyingi inaanzia kwenye bakuli. Tazama dari sasa hivi, halafu jaribu kumeza mate. Umeona ilivyo kazi? Hivyo ndivyo anavyomeza mtoto aliyelazwa mapajani, kichwa kimeanguka nyuma, uji unamiminwa. Sehemu yake inaingia kwenye mapafu.

Mketishe wima. Nyonga zirudi nyuma kabisa kwenye kiti, magoti yakunjwe, nyayo zikanyage kitu, kidevu kiiname kidogo. Wewe kaa mbele yake kwenye kigoda, uso wako usawa na wake, ili asitazame juu. Tumia kijiko kidogo, kije kutoka chini, kiguse ulimi, kisha ngoja afunge mdomo mwenyewe. Usikwangulie chakula kwenye meno ya juu, kwa kuwa kichwa kinarudi nyuma.

Uji mwepesi ndio mgumu zaidi kwake, kwa sababu unakimbia kooni kabla hajajiandaa. Fanya uwe mzito kiasi cha kubaki kijikoni, au ponda ndizi, viazi, maharage bila maganda. Ongeza mafuta au siagi ya karanga ili kidogo anachokula kimpe nguvu. Macho yakitoka machozi, sauti ikiwa ya majimaji au akianza kukohoa, simama. Usimlishe akiwa na usingizi baada ya degedege. Akimaliza, abaki wima nusu saa.

Kiti si lazima kiwe cha kununua. Seremala anaweza kukutengenezea kiti cha kona, ambacho egemeo lake limekunjwa kama pembe ya ukuta, chenye meza mbele. Kuna pia mbinu iliyoanzia Zimbabwe ya kugundisha tabaka za maboksi kwa uji wa ngano, ukikauka unabeba mtoto. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo akupimie vipimo kwanza. Uzito ukishuka, au nimonia ikirudi, mpeleke bila kuchelewa, kwa kuwa wapo wanaohitaji kulishwa kwa mpira kwa muda.

Nafundisha darasa la awali. Nimesikia nyumba ya jirani na shule kuna mtoto wa miaka 5 anayefungiwa ndani, hatembei. Niingilie? — Mwalimu, Mtwara

Ingilia, mwalimu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki azifikishe kwa serikali ya eneo lake, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtambua mtoto huyo kuwa na haki ya shule kama wenzake. Ila kwa kazi niliyoifanya, wanaofungia watoto mara nyingi ni akina mama walioachwa peke yao, wanaotoka alfajiri kutafuta riziki na hawana wa kumwachia. Ukianza na polisi, mlango utafungwa zaidi.

Nenda kwanza kama jirani, pamoja na mhudumu wa afya ya jamii au mama mwingine mwenye mtoto wa namna hiyo, maana maneno ya mzazi mwenzake yataingia kuliko yako na yangu. Wakati huohuo mjulishe mtendaji na ofisa ustawi wa jamii. Ukiona majeraha, njaa au kamba, usingoje ziara ya pili: toa taarifa siku hiyohiyo. Upande wa shule, kila halmashauri ina ofisa anayeshughulikia elimu maalumu. Mpigie kabla ya uandikishaji wa Januari, umuulize mtoto atapimwa wapi na nani atalipa nauli.