Jibu: Mama wa Ujiji, dawa ya presha na kikohozi

Mkuu, umeuliza kwa nini mama yako hapo Ujiji anakohoa kikohozi kikavu tangu aanzishiwe kaptoprili, dawa ya presha, na unashuku moshi wa kupika mawese. Moshi unaweza kuchangia, ila mimi ningeanza na dawa yenyewe.

Mwili hutengeneza peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zinazobana au kulegeza mishipa ya damu. Inayosumbua zaidi kwenye presha ni anjiotensini II. Figo hutoa renini, ambayo hukata protini inayotoka kwenye ini na kupata anjiotensini I, yenye asidi amino (vijenzi vya protini) 10. Kisha kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini), hasa cha mapafuni, huondoa 2 na kubaki 8. Hiyo ya 8 ndiyo anjiotensini II; ikishika misuli ya mshipa, kalisi huongezeka ndani ya seli, msuli unakaza, njia inakuwa nyembamba na presha inapanda. Kaptoprili hukizuia kimeng'enya hicho.

Sasa shida: kimeng'enya hichohicho huvunja bradikinini, peptidi inayolegeza mishipa. Kikizuiwa, bradikinini hujaa na kuwasha njia ya hewa, ndipo kikohozi.

Asiache vidonge kimyakimya. Arudi kliniki aeleze. Mara nyingi hubadilishiwa losatani, dawa nyingine ya presha, ambayo haigusi kimeng'enya hicho. Midomo au ulimi ukivimba, asimeze kidonge kingine, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.