Majibu kwa Watazamaji: Kamera Inapomfuata Aliyezoea Kupitwa

Barua nyingi za safari hii zinahusu tamthilia za vituo vikubwa vya televisheni vya Marekani, yaani NBC, CBS, ABC na Fox, ambavyo mtu anayeishi huko huvipata kwa antena bila kulipia chochote, na ambavyo kwa desturi hufungua msimu wao Septemba na kuufunga Mei. Nimechagua nne.

Swali: Salaam, ndugu mwandishi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Columbus, Ohio, na kazi yangu ni kusafisha ofisi usiku. Nafuatilia High Potential ya kituo cha ABC, inayomhusu mwanamke anayesafisha ofisi za polisi Los Angeles ambaye anaishia kuwasaidia kupeleleza kesi. Naipenda mno. Mwenzangu wa kazini anasema ni uongo mtupu, kwamba hakuna polisi atakayemsikiliza mfanya usafi. Nani kati yetu ana haki? Na je, kuna nyingine mpya ya namna hii?

Jibu: Dada yangu, mwenzako ana haki kuhusu polisi, nawe una haki kuhusu tamthilia. Nakuomba uirudie sehemu ya kwanza, iliyoonyeshwa Septemba 2024, na uitazame kwa jicho la kazi yako. Morgan, anayeigizwa na Kaitlin Olson, yuko peke yake usiku katika ofisi ya wapelelezi, muziki umo masikioni mwake, anacheza huku akisafisha, na kwa bahati mbaya analikumba jalada la kesi hadi karatasi zikatapakaa sakafuni. Anapoziokota, macho yake yanaziangukia picha. Anageuka kuutazama ubao ambao wapelelezi wamebandika habari za kesi, na pale walipomwandika mwanamke mmoja kuwa mshukiwa, yeye anawasahihisha na kuandika kwamba huyo ni mwathiriwa. Nilipoiona mara ya kwanza niliisimamisha picha nikakaa nayo kidogo. Katika tamthilia za polisi ambazo nimezitazama maisha yangu yote, mfanya usafi ni mtu wa kupita nyuma akisukuma ndoo ya magurudumu, ili sisi tujue kwamba sasa ni usiku. Hapa kamera inamfuata yeye, na wapelelezi ndio waliolala.

Hata hivyo ninayo lawama, nami naiona kuwa nzito. Waandishi wamempa Morgan kipimo cha akili cha 160, na kila fumbo linafunguka kwa sababu ya kipaji hicho. Maana yake ni kwamba mfanya usafi hasikilizwi mpaka awe na akili zisizo za kawaida. Wewe unayejua ni meza ya nani inayokutwa na vikombe vitano vya kahawa kila usiku, na ni bwana gani ambaye siku hizi analala ofisini badala ya kwenda kwake, una ujuzi ambao haukuhitaji kupimwa na mtu. Umeupata kwa kuzoa takataka za watu na kuzitazama. Laiti ujuzi huo ungetumika, hadithi ingekuwa na uzito mara mbili. Badala yake, Morgan akishachukuliwa kuwa mshauri wa polisi, kazi ya usafi inaachwa nyuma kabisa, kama nguo ya zamani. Kilichonifanya nisiiache ni watoto wake watatu: kila anapoitwa kwenye tukio, suala la nani atabaki nao halifichwi chini ya zulia, na hilo kwa mama yeyote afanyaye kazi za zamu si jambo dogo. Tamthilia hii, kwa taarifa yako, imetokana na ile ya Kifaransa iitwayo HPI, iliyoanza mwaka 2021 katika kituo cha TF1.

Kuhusu nyingine ya namna hii, tafuta Matlock ya CBS, iliyoanza mwezi huohuo wa Septemba 2024. Jina ni la tamthilia ya zamani ya wakili iliyoanza mwaka 1986, lakini hadithi ni mpya. Kathy Bates, aliyezaliwa mwaka 1948, anamwigiza bibi anayejipenyeza katika kampuni kubwa ya mawakili ya New York, na silaha yake ya kwanza ni kwamba mwanamke akishazeeka watu hawamwoni tena: huzungumza siri zao mbele yake kana kwamba kiti alichokalia ni kitupu. Sitakutobolea kinachofichuka mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Nitasema tu kwamba ukishakijua, utarudi nyuma kutazama upya kila tabasamu alilowapa wale mawakili. Bates haigizi uzee kwa kukohoa na kushika kiuno. Anauigiza kwa kungoja. Mtu anapomkatiza, ananyamaza, anamtazama, na unaona akihesabu. Zote mbili zilirudi mwaka 2025 kwa msimu wa 2, na kwangu mimi Matlock ndiyo bora zaidi kati ya hizo mbili.

Swali: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa sekondari, Tanga. Grey's Anatomy, ile tamthilia ya madaktari ya ABC, nimeitazama tangu enzi za kukodi diski. Siku hizi Meredith, daktari aliye mhusika mkuu, haonekani sana, na wengi niliowapenda wamekufa au wamehama. Kwetu husemwa steringi hafi, lakini hawa wanakufa. Je, tamthilia inayorudi bila watu wake bado ni ileile? Niendelee au niache?

Jibu: Mwalimu, kauli ya steringi hafi ilikuwa sheria ya vibanda vya video, na naielewa vizuri sana, kwa sababu filamu ya saa mbili haina muda wa kukufundisha kumpenda mtu mwingine. Tamthilia ya vituo vikubwa ina muda huo. Kwa miaka mingi msimu mmoja ulikuwa na sehemu 22 au zaidi, na kila sehemu, ukitoa matangazo ya biashara, ilibaki na dakika kama 42. Grey's Anatomy, iliyobuniwa na Shonda Rhimes, ilianza Machi 2005, na mwaka 2019 iliipita ER kwa idadi ya sehemu miongoni mwa tamthilia za hospitali zinazoonyeshwa usiku. Hakuna mwigizaji anayeweza kudaiwa abaki muda wote huo.

Kwa hiyo mimi siulizi kama sura ni zilezile. Nauliza kama waliobaki wanawakumbuka waliokwenda. Rejea mwaka 2002, ER ilipompoteza Dakta Greene, aliyekuwapo tangu siku ya kwanza mwaka 1994. Wafanyakazi wenzake walipata habari kwa barua iliyosomwa kwa sauti hapo hapo kazini, wagonjwa wakisubiri, na kila mmoja akaipokea kwa namna yake. Nayo Grey's Anatomy ilifanya jambo ambalo hadi leo nalistahi: baada ya Lexie Grey na Mark Sloan kufa kutokana na ajali ya ndege, hospitali yenyewe ilibadilishwa jina ikaitwa Grey Sloan. Tangu hapo kila daktari mpya anayetaja mahali anapofanya kazi anawataja marehemu wawili ambao pengine hakuwahi kuwaona.

Ushauri wangu ni uendelee, ila usiitazame kama jamaa anayeitazama familia ikitawanyika. Chagua mmoja kati ya madaktari wanafunzi waliokuja na msimu wa 19, umfuate yeye tu kwa sehemu sita. Asipokushika, acha, na wala usijione umeisaliti. Msimu wa 20 usiutumie kuhukumu. Ulikuwa na sehemu 10 tu kwa sababu ya migomo ya waandishi na waigizaji ya mwaka 2023, na mbio zake zinaonekana.

Swali: Ndugu mwandishi, nakuandikia kutoka Mombasa. Kila nikianza sizoni mpya ya hivi vituo vya Marekani, naikolea, kisha inakatwa katikati, hadithi inabaki hewani. Huwa wanaamua vipi? Natamani niache kabisa kuanza mpya.

Jibu: Kaka, uamuzi hauhusu kupendwa peke yake. Kituo kisicholipisha mtazamaji kinaishi kwa matangazo, na anayelipia tangazo hununua watu wa umri fulani. Kwa miaka mingi umri uliotafutwa ulikuwa kati ya miaka 18 na 49, ukipimwa na kampuni ya Nielsen, hivyo tamthilia iliyopendwa na wazee milioni nyingi ingeweza kuonekana dhaifu kuliko ile yenye watazamaji wachache lakini vijana. Desturi ilikuwa kuagiza sehemu 13 kwanza, kisha, mambo yakienda vizuri, kuongeza 9 zikawa 22. Na kwa desturi kila Mei wakuu wa vituo huwakusanya New York wafanyabiashara wanaolipia matangazo kuwaonyesha bidhaa ya msimu ujao. Kilichokosa mnunuzi hakirudi.

Lakini subira nayo imewahi kulipa. Hill Street Blues, tamthilia ya polisi ya NBC, ilianza Januari 1981 ikiwa na watazamaji wachache mno, kituo kikaivumilia, na mwaka huohuo ikazoa tuzo 8 za Emmy, zile kubwa za televisheni ya Marekani, na kuendelea hadi 1987. Ile njia yake ya kufuata watu wengi kwa pamoja, na kuziacha shida zao zivuke kutoka wiki moja hadi nyingine, ndiyo unayoiona leo karibu kila mahali. Friday Night Lights, iliyoanza 2006, ilikuwa ya kufa, ikaokolewa kwa NBC kugawana gharama na kampuni ya setilaiti ya DirecTV, ikafika misimu 5. Na mwaka 2007 ABC na watayarishaji wa Lost walikubaliana mapema kwamba ingeisha mwaka 2010. Waandishi walijua wanaelekea wapi. Natamani vituo vingewapa wengi heshima hiyo, kwa sababu kuikata hadithi bila hata sehemu moja ya kuwaaga watazamaji ni kuwavunja moyo watu walioitenga saa yao kila wiki.

Wewe usiache kuanza mpya. Subiri msimu wa kwanza uishe, usikie kama imerudishwa, ndipo uanze.

Swali: Ndugu mwandishi, mimi ni mzaliwa wa Kisangani, na nilikuwa mtoto wakati wa vita vya siku sita vya Juni 2000. Hivi karibuni nimeiona ile tamthilia ya madaktari wa Chicago, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Kifaransa, Urgences, pale wanapokuja Kongo. Nilifurahi kusikia mji wetu ukitajwa, kisha nikakasirika, nikashindwa kujua kwa nini. Je, niihesabu kuwa ni wema au ni dharau?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa yote mliyoyapitia. Sehemu unayoizungumzia, ambayo ndiyo ER niliyoitaja katika jibu la mwalimu, ilionyeshwa Mei 2003 na jina lake ni Kisangani. Dakta Carter anamfuata mwenzake Kovač kwenda kutibu huko. Kovač anabaki, na msimu uliofuata inadhaniwa ameuawa, Carter anarudi kuutafuta mwili, anamkuta hai. Napenda kuwatendea haki watayarishaji: vita vya Kongo vilikuwa vinaua watu wengi, vituo vikubwa vya Marekani havikuvizungumzia sana, na hawa walikubali kuvipeleka sebuleni kwa watu waliokaa kumtazama daktari wampendaye. Hilo nalihesabu kuwa ni wema.

Hasira yako, nadhani, inatokana na mgawanyo wa muda. Kwa sehemu nzima mtazamaji anashika roho akingoja kujua kama mgeni mmoja yu hai, wakati watu wa kijijini waliokamatwa pamoja naye hakupewa nafasi ya kuwajua vya kutosha kabla ya kufa kwao. Kongo inakuwa mahali ambapo daktari wa Chicago anakwenda kubadilika, kisha anarudi na mabadiliko yake. Aliyepewa nafasi pana zaidi ni Kem, mwanamke anayeshughulikia tiba ya UKIMWI, aliyeigizwa na Thandiwe Newton, Mwingereza ambaye mama yake ni Mzimbabwe. Ana msimamo, ana ucheshi, anabishana na Carter na mara nyingi anamshinda. Hata hivyo sehemu kubwa ya anayoyafanya tunaiona kupitia macho ya Carter.

Tangu wakati huo milango imefunguka kidogo. Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, aliigiza daktari katika House ya Fox mwaka 2007, na baadaye akawa mtu wa kuogopwa katika The Blacklist ya NBC, bila hadithi kulazimika kueleza ametoka wapi. Nafurahia hilo, lakini silo ulilolikosa wewe. Ulilolikosa ni muuguzi wa hospitali ya Kisangani, aliyekuwapo kabla ya wageni kufika, anayejua dawa zimefichwa wapi na ni barabara ipi haipitiki baada ya mvua. Ningependa kuona sehemu moja, dakika zake zote 42, inayoanzia pale ndege inaporuka na madaktari wa Chicago, na kamera inabaki chini pamoja naye.