Muulize Fundi: Nyimbo nimezilipia, redio ya gari inazikataa

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua albamu mbili za taarabu Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, nikalipa kwa kadi ya benki. Nikazichoma kwenye CD tusikilize mimi na baba kwenye gari letu, Toyota ya zamani kutoka Japani isiyo na tundu la flashi wala Bluetooth. Kwenye laptopu CD inalia vizuri, ila garini redio inaandika "Error" na kuitema. Nilipakua FLAC, aina ya faili za muziki, maana niliambiwa ndiyo yenye sauti bora. Tena, kuchoma kwenyewe naruhusiwa?
— Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kulipia. Naelewa kwa nini unahangaika na CD: FM za redio hizo za Japani huanzia 76 na nyingi huishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo.

Ruhusa unayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kunakili kazi kwa matumizi yako binafsi. Usichome nyingine ukauza, basi. Na faili hizo usimpelekee kijana wa kibandani akuchomee. Miaka yote niliyofunga redio za magari Gerezani nimeyaona haya: nyimbo za mteja zinabaki kwenye kompyuta ya kibanda, jioni zinauzwa kwa mwingine. Waimbaji wa taarabu wamenyonywa namna hiyo tangu enzi za kaseti, sauti zao zinavuma sokoni na wao hawaambulii kitu. Linaniuma sana. Choma mwenyewe.

Sasa hiyo "Error". Ulichotengeneza ni CD ya data, yaani faili za FLAC zimehamia kwenye diski kama zilivyo. Laptopu inazielewa, redio ile haizijui kabisa. Yenyewe inataka CD ya muziki, kama zile zilizokuwa zikiuzwa madukani. Pakua programu ya CDBurnerXP, ni ya bure. Chagua diski ya muziki badala ya data, uiingizie FLAC zako hizohizo. Itazigeuza yenyewe na sikio lako halitasikia tofauti.

Tatizo ni nafasi. CD ya muziki inabeba dakika 80, na taarabu unaijua, wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 10 hata 15. Utapata nyimbo sita au saba, kwa hiyo tenga CD moja kwa kila albamu. Ila tazama uso wa redio: ukiona pameandikwa MP3, una bahati. Rudi kwenye akaunti yako ya Bandcamp, pakua albamu zilezile kwa MP3, hulipi tena. Hizo ndizo utakazochoma kama data, na CD moja ya MB 700 itakupa karibu saa tano kwa ubora wa kbps 320 (kipimo cha ubora wa MP3).

Dukani omba CD-R, ile inayochomwa mara moja tu. CD-RW, ile inayofutika na kuchomwa tena, inarudisha mwanga hafifu, jicho la redio kuukuu linashindwa kuisoma. Choma kwa kasi ndogo, na hakikisha programu imeifunga diski mwishoni (kwa Kiingereza "finalize"). Jina la albamu liandike kwa kalamu laini ya wino, usibandike karatasi: joto la ndani ya gari hulegeza gundi, na CD ikikwama humo itabidi dashibodi ifunguliwe.