Difu ya mbele imevunjika: majibu kwa wenye Land Rover na Land Cruiser za zamani

Mvua za masika zikianza Dar es Salaam, maswali ninayopokea hubadilika. Kiangazi watu huuliza rejeta na kabureta, masika huuliza difu. Ya leo yote ni ya difu ya mbele, lile bonge la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, kwenye magari ya zamani ya kazi ngumu, na nimeyafupisha. Nayajibu kwa urefu pale panapostahili, kwa sababu inaniuma kuona gari zima likipelekwa kwenye vyuma chakavu kwa kitu ambacho fundi mwenye kipimo angekimaliza kwa siku mbili.

*Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 Series III aliyotuachia marehemu baba. Tulikwama kwenye tope huko Mkuranga, nikaingiza fowili ili magurudumu yote manne yavute, ukasikika mshindo. Tangu siku hiyo nikiweka fowili kunasaga mbele. Nitajuaje kama ni difu au ni jointi ya gurudumu, kabla sijalipa watu wafungue? (Msomaji, Tabata)*

Marahaba, na pole kwa msiba. Gari la mzazi si la kufunguliwa kwa kubahatisha.

Anza na oili. Fungua nati ya chini ya difu ukiwa umeweka beseni safi, umwage oili yote (ni kama lita 1.7 tu) na uichuje kwa kitambaa. Pitisha sumaku. Uji wa kijivu laini ni uchakavu wa kawaida wa miaka mingi. Kipande chenye upande mmoja unaong'aa kama kimekatika jana ni jino, na hapo hakuna mjadala, difu inashuka.

Usipokuta kipande, usifurahi bado, maana kinaweza kuwa kimelala ndani. Inua magurudumu yote mawili ya mbele, uyaweke juu ya stendi, wala usiamini jeki peke yake. Kama gari lina zile habu za katikati ya gurudumu za kufunga na kufungua kwa mkono, zifunge. Weka gia pamoja na fowili ili propela ya mbele, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, isizunguke, kisha zungusha gurudumu la kulia kwa mkono. La kushoto linatakiwa kuzunguka kinyume chake. Kama la kulia linazunguka bure na la kushoto limetulia, basi hafushafti (shafti ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu) au jointi ya upande mmoja imekatika, au zile gia ndogo za ndani ya difu zimekwisha.

Sasa toa fowili, lala chini, uzungushe propela ya mbele kwa mkono polepole. Kwenye Land Rover yako pinioni, gia inayozungushwa na propela, ina meno 10, na krauni, gia kubwa inayosukumwa na pinioni, ina meno 47. Ukihisi mruko kila propela ikizunguka mara moja, jino la pinioni ndilo bovu. Ukiuhisi mara moja katika kila mizunguko kama mitano hivi, ni la krauni. Hesabu hii haina gharama yoyote, na fundi atakayefungua utamwambia kabisa unachotegemea kukikuta.

Jointi ya gurudumu ina tabia yake. Hulia tak-tak ukikata usukani mpaka mwisho huku fowili imeingia, na hupungua ukinyoosha. Ya kwako inasaga hata ukiwa umenyoosha, kwa hiyo nina wasiwasi zaidi na difu.

*Fundi anasema krauni yangu bado nzima, ninunue pinioni peke yake. Ni sawa? (Msomaji, Buguruni)*

Hapana. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani mpaka meno yazoeane, ndiyo maana jozi moja hugongwa namba moja inayofanana. Angalia mwisho wa pinioni na ubavu wa krauni, utaiona. Ukiweka pinioni ngeni itakupigia mluzi kuanzia siku ya kwanza na kula meno ya krauni unayoiita nzima. Nunua jozi, au tafuta difu kamili iliyotumika lakini nzima. Vilevile vile vikombe viwili vinavyobana beringi za pembeni vilichongwa vikiwa vimefungwa kwenye nyumba ya difu hiyohiyo. Kabla ya kufungua, vigongwe alama ili cha kulia kirudi kulia na cha kushoto kushoto.

*Fundi, difu ya mbele ya Land Rover yangu ya mwaka 1976 imevunjika mara ya pili ndani ya muda mfupi, na mara zote mbili niliweka spea nzuri. Nimelogwa? (Msomaji, Mbagala)*

Hujalogwa, kaka. Ila swali lako ndilo muhimu kuliko yote ya leo.

Kwenye Land Rover hizi, kinachozoeleka kukatika ni hafushafti za nyuma. Difu ya mbele hufanya kazi siku chache tu za tope, siku nyingine inasindikiza safari. Ikivunjika mara mbili, iko nguvu inayoivunja, na ukibadilisha meno bila kuitafuta nguvu hiyo utabadilisha tena.

Cha kwanza ninachokishuku ni lami. Series, yaani Land Rover za zamani kama yako, karibu zote hazina difu ya katikati. Ukisukuma chini kile kitufe cha njano, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja kama chuma kimoja. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami kavu ya Kilwa Road tairi haitelezi, kwa hiyo ile tofauti inajikunja ndani ya propela, hafushafti na meno ya difu mpaka kitu dhaifu kuliko vyote kiachie. Dalili yake ni usukani kuwa mzito na fowili kukataa kutoka. Ikikataa, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha, italegea. Kuna watu wanatoka shamba, wanapanda lami, na fowili wanaikumbuka wakifika Rangi Tatu. Kama ndiyo wewe, chanzo cha difu zako mbili tumekipata.

Cha pili ni tairi. Tairi mpya mbele na zilizokwisha nyuma, au saizi mbili tofauti, huleta vita ileile hata barabara ikiwa imenyooka.

Cha tatu ni mguu wa kulia. Gurudumu likiwa hewani linazunguka kwa kasi, halafu linatua ghafla kwenye ardhi ngumu huku umekanyaga mafuta, pigo lote linaenda kwenye meno. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Difu ya mbele ya Series ni ileile ya nyuma iliyogeuzwa. Kwa sababu imegeuzwa, gari likienda mbele meno husukumana kwa upande wa pili, ule ambao kwenye difu ya nyuma hufanya kazi wakati wa kurudi nyuma au kuteremka kwa injini. Upande huo hauna nguvu kama ule mwingine. Land Cruiser za FJ40 nazo ni hivyohivyo. Kwa hiyo mbele huruhusiwi kukanyaga kwa hasira kama unavyofanya na nyuma. Gia ndogo, mwendo wa polepole, na ukikwama shuka uchimbe.

Hayo matatu yakiwa safi, ndipo nashuku ufungaji, na hapo swali linalofuata linakuhusu na wewe.

*Difu imefungwa gereji wiki iliyopita. Inapiga mluzi kuanzia kilomita 40 kwa saa. Fundi anasema itajizoea. Je, itajizoea? (Msomaji, Ubungo)*

Haitajizoea, dada. Mluzi huo ni meno yanayogusana mahali pasipo pake. Mwambie aifungue kabla haijaharibu jozi mpya uliyoinunua, na umuulize alipima kwa kitu gani. Akikujibu kwa mkono, au kwa uzoefu, tafuta mwenye saa ya kupimia, kile kipimo chenye mshale kinachosoma nafasi ndogo. Nawaheshimu mafundi wenzangu wa chini ya mwembe, wengi wana mikono ya dhahabu, lakini hakuna kidole kinachosoma sehemu ya kumi ya milimita.

Kazi yenyewe ina mpangilio. Kwanza pinioni: inaingia ndani kiasi gani, jambo linalotengenezwa kwa shimu, zile washa nyembamba zilizo nyuma ya beringi. Kisha beringi za pinioni zinabanwa kiasi cha kuleta uzito kidogo mkononi, bila kucheza na bila kukaza kupita kiasi. Kisha krauni inasogezwa kulia au kushoto kwa zile nati kubwa za pembeni mpaka nafasi kati ya jino na jino ifike kipimo. Kwenye magari haya kipimo huwa karibu na milimita 0.2, na kitabu cha gari lako kitakupa namba kamili. Nafasi hiyo inapimwa sehemu kadhaa kuzunguka krauni. Ikitofautiana sana, krauni imekaa upande au kuna uchafu chini yake.

Halafu kinakuja kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Paka rangi meno matano au sita ya krauni, rangi ya mafuta iliyochanganywa na grisi kidogo inatosha, kisha zungusha pinioni huku mtu ameizuia krauni kwa kipande cha mbao. Alama inatakiwa ibaki katikati ya jino. Ikikaa juu kileleni, pinioni iko mbali, ongeza shimu. Ikizama kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno, punguza. Ikikimbilia ncha ya ndani, nafasi ni ndogo. Ikikimbilia ncha ya nje, nafasi ni kubwa. Na kwa kuwa ni difu ya mbele, angalia pande zote mbili za jino, hasa ule wa pili niliomweleza msomaji wa Mbagala. Fundi anaweza kufunga na kufungua mara nne kabla alama haijakaa. Mlipe kwa hilo, ni kazi halali.

*Nimeuziwa difu kamili Gerezani, muuzaji anasema za Land Rover zote ni sawa. (Msomaji, Mbezi)*

Kwa sura zinafanana, ndiyo maana watu wanaumia. Series II na III zina uwiano wa 4.7, yaani propela huzunguka mara 4.7 ili magurudumu yazunguke mara moja, lakini Defender na Discovery nyingi zina 3.54. Ukiiweka ya 3.54 mbele na kuacha 4.7 nyuma, kila magurudumu ya nyuma yakizunguka mara tatu ya mbele yanataka kuzunguka karibu mara nne. Siku utakapoingiza fowili, utavunja kitu cha bei kuliko difu.

Kama iko mezani, hesabu meno ya krauni ugawanye kwa ya pinioni. Kama iko bado kwenye gari, inua gurudumu moja tu, hakikisha propela iko huru, zungusha gurudumu hilo mara mbili kamili huku lingine limekaa chini, na mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Karibu mara nne na robo tatu ni 4.7. Mara tatu na nusu ni 3.54. Tazama pia mifereji ya ndani inayoshika hafushafti: za Series ni 10, nyingi za baadaye ni 24. Na kama yako ni 109 yenye ekseli nene ya Salisbury nyuma, difu yake haihamii mbele hata kwa dawa. Wenye Land Cruiser za zamani, fanyeni hesabu hiyohiyo, maana ziko za 4.11 na ziko za 3.70.

*Oili ya difu imekuwa kama chai ya maziwa. (Msomaji, Kigamboni)*

Maji yameingia. Imwage leo, si Jumamosi. Weka ya bei nafuu, tembea kilomita chache, imwage tena, kisha weka namba 90 yenye alama ya EP. Difu ikiwa ya moto ikazama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia sili au kile kitundu cha kupumulia juu ya ekseli. Kizibue, uweke mpira mrefu mpaka ndani ya boneti. Kama ulipita ufukweni kwenye maji ya chumvi, fungua na beringi uzikague.

*Nichomelee difu ya mbele ili magurudumu yote yavute? (Msomaji, Bunju)*

Usithubutu. Usukani utakushinda barabarani, na utakata shafti na jointi.

*Difu ya mbele ikinifia porini, mbali na fundi, nifanyeje? (Msomaji, Kisarawe)*

Kwenye Series, fungua habu za magurudumu, ondoa propela ya mbele yenye bolti nne kila upande, urudi kwa magurudumu ya nyuma. Kama huna habu za kufungua, toa zile flanji za mbele, vile vifuniko vya bolti katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na hafushafti, ili magurudumu yasizungushe vipande vya meno ndani, kisha funika kwa nailoni na mpira vumbi lisiingie kwenye beringi. Kwenye Defender na nyingine zenye fowili ya kudumu, ukishatoa propela ni lazima uloki difu ya katikati, la sivyo gari halisogei.

Tahadhari moja kwa atakayepata tatizo hilohilo nyuma akataka kurudi kwa magurudumu ya mbele. Breki ya mkono ya Land Rover hizi hushika propela ya nyuma. Ukiitoa hiyo propela, breki ya mkono haishiki tena magurudumu ya nyuma, kwa hiyo weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu kabla hujaingia chini ya gari.