Regyuleta ya swichi inapiga kelele kwenye sabufa: usirundike kapasita kwanza

Mkuu, umesema unashusha volti 12 za betri ya sola kuwa 5 kwa moduli ya LM2596 (regyuleta inayoshusha volti kwa kufunga na kufungua swichi kwa kasi), unalisha bodi ya Bluetooth ndani ya sabufa, spika inalia "zziii", na umeshaongeza kapasita tatu za maikrofaradi 1000 bila nafuu. Hata mimi hapa Mwanjelwa, Mbeya, nilianza hivyohivyo. Simamisha kwanza hizo kapasita.

Kelele ya regyuleta hizi ni ya aina mbili, na dawa zake ni mbali mbali. Kuna mawimbi yanayopanda na kushuka kwa mwendo wa swichi, koili ikijaa na kumwaga. Hayo hutulizwa na kapasita nzima, isiyochoka, ya upande wa kutokea. Halafu kuna miiba, vile visindano vyembamba vinavyochomoza kila swichi inapofunga au kufungua. Hivyo hata uweke kapasita ya ukubwa wa kopo la maziwa havisikii, maana kwa masafa yale miguu ya kapasita yenyewe inageuka koili. Miiba inataka kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100 iliyochomewa palepale kwenye mzigo, yaani bodi inayolishwa, miguu mifupi kabisa. Tena angalia kapasita ya kuingilia: ikae jirani na chipu na dayodi. Ukiivuta kwa waya wa sentimita kumi umejitengenezea antena.

Kama una osiloskopu, ile mashine inayochora umbo la umeme kwenye skrini, usiiamini haraka. Bana klipu ya graundi kwenye hasi ya bodi, kisha ncha ya probu iguse klipu hiyohiyo. Ilitakiwa uone mstari mnyoofu. Mimi niliona miiba ileile niliyoisaka siku mbili! Waya wa klipu ndio ulikuwa unaiokota hewani. Nikauchomoa, nikazungushia waya mtupu mfupi kwenye shingo ya probu, nikawasha kikomo cha megahezi 20 kinachochuja masafa ya juu zaidi ya hapo, na miiba mingi ikapotea kabla sijagusa risasi ya kuchomea. Huna osiloskopu? Chukua redio ndogo yenye MW, itafute sehemu isiyo na stesheni, isogeze karibu na moduli. Inapokoroma zaidi ndipo pa kuanzia.

Sasa kisa kilichonifunza zaidi. Mzee mmoja wa Isyonje aliniletea sabufa mwezi wa saba. Anasema asubuhi inalia kama nzi kwenye chupa, ikifika saa sita imenyamaza. Nikaiwasha mezani mchana, kimya. Nikamrudishia. Baada ya wiki akarudi, safari hii nikailaza nayo kibandani, na baridi ya Mbeya ya Julai mnaijua. Saa moja asubuhi ikalia. Nikaazima drai ya saluni ya jirani, nikapuliza kapasita ya kutokea peke yake, kidogo kidogo. Mlio ukafifia mpaka ukaisha. Kapasita ilikuwa imekauka ndani: ukinzani wake wa ndani, ule unaoitwa ESR, ulishapanda kwa uzee, na baridi huupandisha zaidi. Mita ya kawaida ilisoma maikro karibu zote zipo, ndiyo maana ilinidanganya. Nikaweka mpya ya ESR ndogo, kwisha.

Ila usivuke mpaka upande wa pili. Niliwahi kung'oa kapasita ya kutokea ya LM2596 nikaweka seramiki tupu, nikidhani ESR ikikaribia sifuri ndiyo raha. Chipu ile inahitaji ESR kiasi ili mzunguko wake wa kujirekebisha utulie. Ikikosa inayumba, na huo uyumbaji unaweza kusikika.

Kwako wewe lakini nashuku jambo jingine. LM2596 halisi hupiga kilohezi 150, na sikio la mtu linaishia kama kilohezi 20. (Zipo feki zinazopiga karibu 50, kama LM2576 iliyobadilishwa jina, koili iliyopangiwa 150 hapo inazidiwa na mawimbi yanakua. Hata hizo husikii moja kwa moja.) Kwa hiyo hiyo "zziii" yako huenda si swichi yenyewe. Bodi ya Bluetooth inavuta mkondo kwa vipindi, na kama hasi yake na hasi ya amplifaya zinarudi betri kwa waya mmoja mwembamba, kila mvuto unaacha volti kidogo kwenye waya ule, na amplifaya inazikuza kama muziki.

Jaribu hivi: lisha Bluetooth kwa pawabenki, amplifaya ibaki kwenye betri, waya wa sauti uache ulivyo. Ikinyamaza, graundi, yaani njia ya hasi, ndiyo ya kushuku kwanza. Vuta hasi mbili tofauti mpaka kwenye nguzo ya betri, au weka B0505S, moduli ndogo ya volti 5 kwa 5 inayotenganisha pande mbili. Ni ya wati 1 tu, basi hakikisha bodi yako haivuti zaidi ya miliampea 200. Ikiendelea kulia hata kwa pawabenki, weka hapa picha ya chini ya bodi, tuone hasi ya waya wa sauti umeichomea wapi.