Kwa nini nyuso hazina glezi?

SWALI: Nilipotembelea British Museum, London, niliona sanamu za udongo za kaburi la Liu Tingxun, jenerali wa Kichina aliyefariki mwaka 728. Ngamia na farasi wanang'aa kahawia na kijani, lakini nyuso za maofisa ni kavu kabisa. Glezi, yaani ule utando wa kioo juu ya udongo, imebanduka, au nyuso ziliachwa hivyo makusudi? Nauliza kwa sababu mimi ni mfinyanzi na ningependa kujaribu.

JIBU: Makusudi, na sababu utaijua siku utakapofungua joko lako mwenyewe. Glezi ile huitwa sancai, yaani rangi tatu (jina lisikuhadae, buluu ya kobalti nayo imo). Ni ya risasi (ile metali nzito) na silika (madini ya mchanga). Silika peke yake ni ngumu kuyeyuka. Risasi ndiyo inayoilainisha. Basi sanamu ilichomwa kwanza tupu, nyuzi 1,000 za Selsiasi au zaidi, kisha ikapakwa glezi na kurudishwa jokoni kwa moto mdogo zaidi, kama nyuzi 800 hadi 900. Hapo glezi huwa nyepesi, inachuruzika kama asali iliyopata jua. Kijani cha shaba kinamwagikia kahawia ya chuma. Mgongoni mwa ngamia mchuruziko huo ndio uzuri wenyewe. Usoni mwa mtu unaziba macho na kuifuta pua.

Kwa hiyo fundi aliruka uso, akaupaka baada ya sanamu kutoka jokoni: weupe wa ngozi, wino wa nyusi na sharubu, wekundu wa midomo. Kwa hiyo hukukosea sana, kuna kilichobanduka, ila ni rangi hii. Haikupita motoni, ilishikwa na gundi tu, na unyevu wa kaburini una subira. Hata ukipata sanamu ya aina hii mkononi, usithubutu kuifuta kwa kitambaa chenye maji.

Kuhusu kujaribu: risasi iache. Vumbi lake ni sumu kwako wewe unayelichanganya, hata kama sanamu itaishia kabatini. Tumia glezi ya boroni ya moto mdogo, isiyo na risasi. Nayo hutiririka vya kutosha. Na chini acha upana wa vidole viwili bila glezi, kama walivyofanya wao kwenye vitako vya sanamu, la sivyo utang'oa kazi yako jokoni kwa patasi.